Aproni Yenye Bitana Nyekundu

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona suti za maharusi, sare za shule, mapazia ya benki na, mara moja, koti la mbwa wa tajiri mmoja ambaye hakuona haya kusimama pembeni akinielekeza jinsi ya kumpima mnyama wake kifua. Kwa hiyo si rahisi kunishtua. Lakini mke wangu alipoingia kibandani kwangu mchana mmoja, akavuta kigoda, akaniambia anataka nimshonee ini, nilinyanyua mguu kwenye cherehani.

"Ini," nikasema.

"Ini, mapafu, moyo, tumbo, figo mbili, kibofu, nyongo na utumbo. Vyote vya kitambaa. Viwe vinafungwa kwa vifungo kwenye aproni, na vinafunguka."

"Na huo utumbo uwe na urefu gani, maana mimi nakata kwa vipimo."

"Ule mwembamba mita sita. Mpana mita moja na nusu inatosha."

Nimeishi na huyu mwanamke miaka kumi na tisa. Ana sauti mbili: moja ya kuomba ushauri na nyingine ya kutoa taarifa. Hii ilikuwa ya taarifa. Nikachukua daftari nikaandika: utumbo, mita sita.

Mke wangu ni mwalimu. Darasa lake liko mwisho kabisa wa korido, lile lililokuwa stoo ya madawati mabovu, na lina wanafunzi tisa ambao madarasa mengine yaliwashindwa. Angalia nilivyosema: madarasa ndiyo yaliyowashindwa watoto. Nikisema kinyume chake nyumbani, chai yangu inapoa mezani bila sukari. Wengine wao hawasemi. Wengine wanasema mpaka unatamani wapumzike. Mmoja tunamwita Redio, kwa sababu neno lolote ukilitoa analirudisha vilevile lilivyo. Ukimwambia "kaa chini", naye anakuambia kaa chini, na mara mbili nimejikuta nimekaa. Mimi watu wananiita Fundi, mke wangu wanamwita Mwalimu, na sisi wenyewe nyumbani tunaitana hivyohivyo, kwa kuwa ndiyo majina tuliyoyatolea jasho.

Sababu ya ini ilikuwa jino.

Mwaka uliotangulia, kijana mmoja wa darasa lile alianza kujigonga kichwa ukutani. Siku ya kwanza ikasemwa ni utundu. Siku ya pili mke wangu mwenyewe alimkalisha pembeni peke yake, kama adhabu. Siku ya tatu shavu likavimba, ndipo ikajulikana kwamba jino lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, na mtoto wa watu hakuwa na njia ya kusema. Aling'olewa jino, akapona, wazazi wake wakahama naye. Aliyebaki na maumivu ni mke wangu. Kuna jioni aliacha kijiko kwenye sahani akaniambia, "Fundi, nilimwadhibu mtoto kwa kuumwa." Nikamwambia hakujua. Akasema ndiyo hivyo hasa, hakujua, na hataki kutojua tena.

Basi akaenda kwa mwalimu mkuu na mpango wake wa kuwafundisha wanafunzi tisa mifumo ya mwili, wajue kilichomo ndani yao na waweze kuonyesha panapouma. Mwalimu mkuu ni mtu mwema, ila anapenda mambo yanayokwisha kabla ya saa sita. Akasema, "Mwalimu, hawa wafundishe kunawa mikono na kufunga kamba za viatu. Mfumo wa mmeng'enyo wa chakula wa nini? Wanakwenda kuwa madaktari?"

"Hapana, Mkuu," mke wangu akamjibu. "Wanakwenda kuwa wagonjwa, siku mojamoja, kama mimi na wewe."

Akapewa muhula mmoja. Mwisho wa muhula, hata mwanafunzi mmoja akiweza kumwonyesha mtu mahali panapomuuma kweli, somo litaendelea. Asipopatikana, ni kamba za viatu.

Mtu aliyelitaka somo lile kuliko wote ni msusi, ambaye saluni yake inatazamana na kibanda changu. Ana binti wa miaka kumi na minne, asiyesema hata neno, tunayemwita Karani. Jina alilipata kwa kazi yake: akiingia mahali anapanga. Chaki anazipanga kwa urefu. Reli zangu za nyuzi aliwahi kuzipanga kwa rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi, na nakiri zilikaa vizuri kuliko nilivyozipanga mimi kwa miaka ishirini. Ukikitoa kitu mahali pake, Karani atakirudisha. Ukikitoa tena, atakutazama.

"Watu wananipa pole," msusi alikuwa akisema, vidole vikipita kwenye kichwa cha mteja. "Pole ya nini? Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nywele nazijua. Kinachonitesa ni kimoja. Akianza kulia sijui kama ni kichwa, ni tumbo, au ni kwa sababu nimebadilisha sahani yake. Nambonyezabonyeza mwili mzima kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Nataka aniambie siku moja tu, mama, ni hapa. Baada ya hapo nitalala usingizi wa watu."

Nikashona. Ini nililikata kwenye kitambaa cha kahawia cha suti ya bwana harusi mmoja aliyebadilisha mawazo. Mapafu yalitokana na shuka la waridi, tumbo na nyongo na pazia la kijani kibichi, na mle ndani nikajaza pamba. Utumbo ulinichukua siku mbili, na wateja waliopita waliona mita sita za mrija wa kitambaa zikining'inia kibandani na hawakuuliza kitu, jambo lililonionyesha jinsi wanavyonifikiria.

Bitana ilikuwa wazo langu, na hili nalisema mbele ya yeyote. Mwalimu alikuwa anahangaika: mtoto asiyesema ataonyeshaje kwamba kitu kinauma? Nikamwambia kipande chochote cha nguo kina pande mbili. Nitakitia kila kiungo bitana nyekundu kwa nyuma. Kikiwa kizima, kikae na rangi yake. Kikiuma, mtoto akifungue, akigeuze, akifunge tena upande mwekundu ukiwa nje. Vifungo nitavishona kwenye aproni na matundu kwenye vipande, kwa hiyo kitafungika upande wowote. Mwalimu alinitazama namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu siku nilipoziba paa kabla ya mvua. Nikajifanya natafuta sindano.

Mwezi wa kwanza ulikuwa raha tupu. Mwalimu anavaa aproni, anasimama mbele, wanafunzi wanakuja mmoja mmoja kufunga na kufungua. Siku ya utumbo waliunyoosha wote, Redio akashika ncha akatoka nao mlangoni, akapita korido, akaingia nao ofisini kwa mwalimu mkuu aliyekuwa na wageni wawili. "Utumbo mwembamba," Redio akawaambia wageni, kwa sauti ya Mwalimu kabisa. Baada ya wiki tano hakuna aliyekosea. Karani alikuwa anafunga viungo vyote kumi kwa dakika moja, na kama kifungo kimelegea anakigonga kwa kucha mpaka Mwalimu akilete kwangu.

Ndipo mambo yakatumbukia nyongo. Ijumaa moja Mwalimu aliamua kuwapima. Akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akamuuliza mmoja: "Tumbo lako liko wapi?" Mtoto akainuka, akaenda kwenye msumari, akagusa tumbo la pazia la kijani. Akamuuliza wa pili moyo wake uko wapi. Akaenda kwenye msumari. Mwalimu akaivaa tena aproni, akamuuliza Karani, "Mapafu ya Karani yako wapi?" Karani akaja akayashika mapafu ya Mwalimu, na akayanyoosha kidogo kwa sababu yalikuwa yamekaa upande.

Tisa kwa tisa. Walikuwa wamejifunza vizuri kabisa kwamba Mwalimu ana matumbo. Yao wenyewe hawakuwa na habari nayo.

Alirudi nyumbani akanisimulia, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia. Mimi nikakasirika, na nikikasirika huwa nakuwa na akili kidogo. Nikamwambia, "Wewe una vazi moja unataka liwatoshe watu kumi. Hata mimi nisiyesoma najua haiwezekani. Kila mtu apimwe."

Jumatatu nikafunga kibanda, nikaenda na tepu yangu shingoni. Nimepima watu wagumu lakini wale tisa walinitoa jasho. Mmoja alitaka tepu imzunguke mara tatu. Redio alikuwa akitaja vipimo kabla sijaviandika, na vikawa sahihi. Karani hataki kuguswa, kwa hiyo alinipokonya tepu, akajipima kifua mwenyewe, akajipima kiuno, akaniwekea kidole kwenye namba ili niisome. Halafu akanipima mimi tumbo, akaitazama namba, akanitazama usoni. Sikuandika hiyo.

Nilishona aproni tisa ndogo kwa wiki tatu, kila moja na viungo vyake na bitana yake. Mwalimu akabadilisha ufundishaji. Akawakimbiza kuzunguka uwanja, wakisimama waweke kiganja kifuani pale kitu kinapodunda, juu ya kiganja ndio wafunge moyo wa kitambaa. Wakanywa maji baridi wayafuatilie yanaposhuka. Wakashika pumzi mpaka mashavu yakavimba, kisha wakafunga mapafu. Kidogo kidogo vidole vikaanza kuelekea vifuani mwao badala ya msumarini.

Lakini bitana nyekundu ilikuwa haijatumika kwa kweli. Kijana mmoja aliigeuza kila kipindi cha hesabu. Siku moja aliumwa viungo vyote pamoja na kibofu, na hesabu zilipokwisha akapona vyote. Zikabaki wiki mbili muhula umalizike. Msusi akawa anavuka barabara kila jioni kuniuliza, "Fundi, hakuna jipya?" nami nikawa naangalia chini kwenye mshono.

Jumatano ya wiki ile, Mwalimu alirudi amenyong'onyea.

"Karani amerudi nyuma," akasema. "Leo amekuja moja kwa moja kwangu, akafungua nyongo kwenye aproni yangu mimi, akaigeuza nyekundu. Nikamwambia, hapana mama, onyesha kwako. Nikairudisha. Akaigeuza tena. Mara nne, Fundi. Kazi yote ile, tumerudi msumarini."

Akaniwekea aproni yake kwenye beseni niifue, maana Jumatano ni zamu yangu, akaenda kujilaza kabla ya kula. Nikaikunjua aproni. Nyongo ilikuwa bado nyekundu, imefungwa vifungo vyote viwili, imenyooshwa. Nikaishika pale kwenye beseni na sikuifua.

Kwa sababu yule binti hakosei. Kama angekuwa amesahau, angegeuza chochote: moyo, figo, kile kilicho karibu na mkono. Kwa nini nyongo, kitu kidogo kama ndizi mbichi, kilichojificha chini ya ini, ambacho lazima kwanza ufungue ini ndio ukifikie? Halafu nikaanza kukumbuka mambo. Mke wangu alikuwa ameacha kula vya kukaanga, nikadhani ni kupungua mwili. Alikuwa akisimama anashika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, nikadhani ni uchovu. Kwenye pochi yake kulikuwa na vidonge vya maumivu, akasema ni vya mwalimu mwenzake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeshona nguo yenyewe.

Nikaingia chumbani na aproni inachuruzika maji.

"Mwalimu, hapa panakuuma?"

"Fundi, nimechoka, niache."

"Sijakuuliza kama umechoka. Nimekuuliza hapa." Nikamgusa kwa kidole kimoja, pole kabisa, chini ya mbavu. Akaruka.

Kumbe miezi miwili. Miezi miwili mwanamke anafundisha watoto tisa kuonyesha panapouma, na yeye anameza vidonge na kunyamaza, kisingizio eti muhula uishe kwanza. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata kusema? Niligomba siku hiyo. Niligomba mpaka jirani akagonga ukuta, kisha nikashindwa kuendelea kwa sababu nilikuwa naogopa kweli.

Hospitali walikuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mfuko wenyewe umeshaanza kuvimba kwa usaha. Daktari akasema tungechelewa wiki moja tungekuwa tunazungumza mengine. Akauliza nani alimshauri aje. Nikamwambia mwanafunzi. Akauliza wa chuo gani.

Alifanyiwa upasuaji Ijumaa. Jumatatu darasa lake likashikwa na mwalimu mkuu mwenyewe, kwa kuwa walimu wengine wote waligundua ghafla kwamba wana vipindi. Nasikia aliingia na kamba za viatu mkononi. Nasikia pia kwamba kufikia saa nne alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo, Redio akimfundisha mfumo wa upumuaji.

Siku hiyohiyo Karani alivaa aproni yake, akafungua tumbo, akaligeuza nyekundu, akalifunga, akakaa. Hakulia, hakujing'ata. Mwalimu mkuu aliliona jambo lile akatoka mbio mwenyewe, tai begani, mpaka saluni, akamkuta msusi na kichwa cha mteja nusu kimesukwa. Mteja aliachwa hivyohivyo. Wakampeleka Karani zahanati. Wakampima, wakambonyeza, wakachukua choo na mkojo. Tumbo halikuwa na ugonjwa. Wakampa maji, wakamwambia ageuze sasa, mambo safi. Hakugeuza. Jumanne nyekundu. Jumatano nyekundu, na chakula anakisogeza pembeni, sahani ikiwa ileile.

"Tangu lini hasa?" msusi akamuuliza mwalimu mkuu.

Yule mzee akafikiri. "Tangu aingie asubuhi ile akanikuta mimi kwenye kiti cha Mwalimu."

Alhamisi, saa ya kutazama wagonjwa, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda namenya chungwa. Mlango ukafunguka akaingia msusi, nyuma yake mwalimu mkuu, na katikati Karani na aproni yake juu ya sare, tumbo jekundu mbele ya watu wote wa wodi. Alisimama mbali kwanza. Akapanga chupa za maji zilizokuwa mezani kwa urefu. Halafu akamsogelea mke wangu, akamwangalia juu mpaka chini.

"Nimetolewa nyongo, mama," mke wangu akamwambia, akamwonyesha bandeji kwa nje ya gauni. "Ulisema kweli. Ilikuwa hapa. Mimi ndiye sikukuelewa, unisamehe. Sasa hapaumi sana. Jumatatu ijayo narudi nyumbani, muhula ujao narudi darasani."

Karani akainamisha kichwa, akafungua kifungo cha kwanza cha tumbo lake, cha pili, akaligeuza upande wa kijani, akafunga, akalinyoosha kwa kiganja. Akachukua pande la chungwa mkononi mwangu bila kuomba na akala.

Msusi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo nesi alikuwa amekataza. "Mwalimu," akasema, "ameniambia. Siku tatu zote alikuwa ananiambia anaumwa na ni wapi, mimi nikawa natafuta minyoo." Akajifuta uso kwa taulo la saluni alilokuja nalo begani bila kujua. Mwalimu mkuu aligeukia dirishani akawa anasoma tangazo la kunawa mikono, na alipomaliza kulisoma akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kushona aproni ya mtu mwenye kiuno kikubwa kidogo. Nikamwambia kwanza nipime.

Mke wangu alirudi kazini muhula uliofuata. Asubuhi ya kwanza alivaa aproni yake, viungo vyote kumi mahali pake, nilikuwa nimevipiga pasi mwenyewe. Karani akaja mbele, akaikagua, akafungua ini, akaitoa nyongo, akalirudisha ini. Jioni akaivusha barabara, akaniwekea mkononi. Nilidhani ni tundu la kifungo limelegea, nikalikaza nikairudisha. Kesho yake akaniletea tena, na safari hii alinitazama. Nikaiweka kwenye kopo la vifungo, na mpaka leo imo humo.